Dawa Ipi Iliyo Bora? Jinsi Dawa za Magonjwa ya Akili Zinavyolinganishwa

Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, katika usharika mmoja wa Wilaya ya Muleba, niliitwa kwa kijana wa kwaya aliyekuwa ameugua akili. Alikuwa halali usiku, alizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona, tena alikataa chakula cha mama yake akidai kwamba kimetiwa sumu. Familia ilimpeleka hospitalini, naye akaanzishiwa vidonge. Wakati huohuo wazee wa kanisa pamoja nami tulimwombea kwa muda wa wiki nzima. Baada ya miezi miwili alirudi kwenye kwaya, nami nikamshukuru Mungu mimbarini. Ibada ilipokwisha mama yake alinifuata, akauliza: “Waitu Mchungaji, hivi vidonge aendelee navyo, au sasa basi?” Nilimjibu kwamba mtu aliyekwisha kupona hana haja ya kuendelea kumeza dawa. Kabla ya mwaka kwisha kijana yule alikuwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba yao.

Swali la mama yule lilikuwa bora kuliko jibu langu. Zaidi ya hayo, lilikuwa swali ambalo tayari limekwisha kuulizwa kwa utaratibu, kwa maelfu ya wagonjwa, katika nchi nyingi, na majibu yake yamehesabiwa. Mimi sikujua kwamba swali la namna hiyo huweza kuhesabiwa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa theolojia namna dawa za magonjwa ya akili zinavyolinganishwa: kwanza kwa majaribio ya tiba, kisha kwa kuyakusanya majaribio hayo pamoja. Si kwamba tuwe matabibu. Bali familia hutuuliza sisi kabla ya kumwuliza daktari, na jibu letu huwa na uzito kuliko tunavyodhani.

Ushuhuda na ulinganisho

Sisi Wakristo tumezoea ushuhuda. Mtu husimama mbele ya usharika na kusema, “Nilikuwa hivi, nikatendewa hivi, sasa mimi ni mzima.” Katika mambo ya imani ushuhuda una mahali pake, wala siuondoi. Lakini katika jambo la dawa ushuhuda una kasoro moja kubwa: hautuambii ni nini kingetokea kama dawa isingetolewa.

Mfano mzuri uko hapahapa kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Bukoba, wasichana walianza kucheka na kulia pasipo kuweza kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, walioshikwa walifikia 95. Shule ilifungwa mwezi Machi, na wasichana waliporudi makwao ugonjwa ukaenda pamoja nao. Huko Nshamba watu 217, wengi wao vijana, walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Mwezi Juni ukafika katika shule nyingine ya wasichana karibu na mji wa Bukoba. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, walichunguza damu, walichunguza uwezekano wa sumu katika chakula, wasipate kitu. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka. Kwa mtu mmoja ulidumu kuanzia saa chache hadi siku 16, kisha ukaisha, ingawa wengine ulirudi mara kadhaa. Hakuna aliyekufa.

Sasa tuchukulie kwamba siku ya tatu angefika mtu na chupa ya dawa, akampa kila msichana kijiko kimoja. Baada ya wiki mbili wengi wangekuwa wamepona. Mtu huyo angepata mashahidi wengi kwelikweli, wote wakisema kweli, na dawa yake ingekuwa maji matupu. Magonjwa mengi ya akili yana tabia hiyo ya kupanda na kushuka. Mgonjwa hupelekwa kutafuta msaada siku ile hali yake ilipo mbaya kabisa, na baada ya kilele hicho mara nyingi hufuata nafuu, kwa dawa au bila dawa. Ndiyo sababu kila mganga, kila mwombeaji na kila daktari ana watu wa kumshuhudia.

Hatuna budi kuukumbuka pia mwaka 2011, wakati Mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, alipokuwa akigawa kikombe chake huko Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Magari yalijipanga kwa kilometa nyingi, na wapo waliotoka huku Kagera. Simhukumu marehemu, aliyefariki mwaka 2021. Alikuwa mtu wa bei ndogo na maneno machache. Ninachosema ni kwamba waliopata nafuu walirudi wakasimulia, na ambao hawakupata, au waliokufa baada ya kuacha dawa zao za UKIMWI, hawakuwa na mahali pa kusimulia. Hesabu ilikuwa na upande mmoja.

Ulinganisho wa pande mbili si jambo geni kwa msomaji wa Biblia. Sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli inaeleza jaribio la siku kumi: vijana wanne wale mboga na kunywa maji, wengine waendelee na chakula cha mfalme, kisha nyuso zao zitazamwe kwa pamoja. Waandishi wa historia ya utabibu hupenda kuutaja mfano huo. Hata hivyo mtaalamu wa leo angeuliza maswali mawili magumu. Je, vijana wale wanne hawakuwa tofauti na wenzao tangu mwanzo? Na msimamizi aliyetazama nyuso, je, hakujua nani amekula nini?

Kura na siri

Jibu la swali la kwanza ni kura. Wakazi wa Muleba wameliona jambo hili kwa macho yao, ingawa huenda hawakuambiwa jina lake. Mwaka 2015 maeneo 48 ya wilaya hiyo yaliingizwa katika jaribio la vyandarua. Mbu wa huko walikuwa wamekwisha kuzoea dawa ya kawaida ya vyandarua, na watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa KCMC, walitaka kujua kama chandarua kilichoongezewa kemikali inayovunja usugu huo kingefaa zaidi. Kura ikaamua eneo lipi lipate chandarua kipi, na maeneo yapi yapuliziwe dawa majumbani pia. Baada ya miezi 9, katika maeneo ya chandarua kipya watoto 31 kwa kila 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Katika maeneo ya chandarua cha kawaida walikuwa 55. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina hiyo ya chandarua mwaka 2017, na taarifa kamili ikachapishwa mwaka 2018. Kwa hiyo watoto wa nchi nyingine hulala leo chini ya chandarua kilichothibitishwa Muleba. Nakiri kwamba jambo hili hunifurahisha kuliko inavyompasa mtu mnyenyekevu.

Kwa nini kura? Kwa sababu kama viongozi wangechagua, vijiji vilivyo karibu na barabara, au vyenye diwani mwenye sauti, vingepata chandarua kipya, na baadaye tusingejua kama watoto waliokolewa na chandarua au na barabara. Daktari naye, akiachiwa kuchagua, humpa dawa mpya mgonjwa ambaye moyoni anatumaini atapona. Kura haimjui mtu. Huyagawa makundi mawili hata wale wakali wa ugonjwa, wenye familia nzuri, wanaokunywa pombe na wasiokunywa, wakaangukia pande zote karibu sawa. Wapo wanafunzi wangu wanaoona haya kusikia kwamba uhai wa mtu unapigiwa kura. Nawakumbusha jinsi Mathiya alivyoingizwa katika hesabu ya mitume. Kanisa la kwanza lilitumia kura mahali ambapo lilitaka mkono wa mwanadamu, pamoja na upendeleo wake, utoke katikati.

Jibu la swali la pili ni siri. Katika jaribio la dawa wagonjwa wa kundi moja hupewa kidonge chenye dawa, na wa kundi la pili hupewa kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na umbo lakini hakina dawa ndani yake, au chenye dawa ya zamani. Mgonjwa hajui amepata kipi. Daktari anayempima naye hajui. Siri hii ina maana kubwa zaidi katika magonjwa ya akili kuliko mahali pengine, maana malaria huonekana kwa darubini, lakini huzuni hupimwa kwa maswali. Mgonjwa huulizwa jinsi anavyolala, anavyokula, kama anatamani kufa, na majibu hupewa alama. Mtu anayejua kwamba amepewa dawa mpya kutoka Ulaya hutoa majibu ya matumaini, na anayeuliza husikia matumaini.

Je, ni halali kumpa mgonjwa kidonge kitupu? Kwa ufupi, ni halali pale tu ambapo kwa kweli haijulikani ni upande upi ulio bora, na mgonjwa ameelezwa na kukubali. Mahali ambapo dawa ifaayo inajulikana, iliyo mpya inapaswa kushindanishwa na hiyo. Kanuni hizo ziliwekwa na madaktari wa dunia huko Helsinki mwaka 1964, na zimefanyiwa masahihisho mara kadhaa tangu hapo.

Kutoka Lutindi hadi kidonge

Kanisa letu lilikuwa na wagonjwa wa akili kabla ya kuwapo dawa yoyote ya kulinganisha. Wamisionari wa Betheli, ndio haohao waliofika Bukoba mwaka 1910, walianzisha mwaka 1896 kituo cha Lutindi katika milima ya Usambara kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia mwaka 1904 kikawa mahali pa kuwatunza wenye magonjwa ya akili. Tiba ilikuwa kazi ya mikono, ratiba ya siku, sala, chakula na kitanda.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker walitangaza kwamba klopromazini huwatuliza wenye wazimu mkali na kupunguza sauti wanazozisikia. Baada ya miaka michache ikaja haloperidoli. Dawa hizi mbili ziliingia katika orodha ya kwanza ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1977, na hadi leo ndizo ambazo muuguzi wa hospitali ya wilaya anazifahamu zaidi. Katika miaka ya 1990 makampuni yalileta kundi jipya: risperidoni, olanzapini, kwetiapini na nyinginezo, kwa bei iliyozidi ile ya zamani mara nyingi, na kwa madai kwamba ni bora kwa kila namna.

Madai hayo yalipimwa Marekani kwa fedha za serikali, si za makampuni. Wagonjwa 1,493 wenye skizofrenia waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dawa mpya, wengine perfenazini, ambayo ni ya zamani. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Kabla ya miezi 18 kutimia, wagonjwa 74 kwa kila 100 walikuwa wameacha au wamebadilishiwa dawa waliyoanza nayo. Olanzapini ilivumiliwa kwa muda mrefu kidogo, lakini iliwanenepesha watu na kuharibu sukari ya damu. Nyingine mpya hazikuipita perfenazini. Mwaka uliofuata jaribio la Uingereza nalo halikuona faida ya dawa mpya. Sisi ambao maduka yetu ya dawa yana zile za zamani tu tulikuwa tukidhani kwamba wagonjwa wetu wananyimwa uponyaji wa kweli. Hawakuwa wakinyimwa kiasi hicho.

Kuyakusanya majaribio

Jaribio moja, hata likiwa zuri, linaweza kudanganywa na bahati. Wagonjwa wanne wakipewa dawa na watatu wakapona, mgonjwa mmoja tu angebadilisha hesabu yote. Kwa hiyo watafiti hukusanya majaribio yote yaliyowahi kufanywa juu ya swali moja na kuyapima pamoja. Kazi hii huitwa metaanalisisi, jina lililotolewa na Gene Glass wa Marekani mwaka 1976. Katika makala haya naiita majumuisho. Inafaa ijulikane kwamba majumuisho ya kwanza yenye sifa, ya Mary Lee Smith na Glass mwaka 1977, yalihusu magonjwa ya akili: yalikusanya tafiti 375 kuhusu tiba ya mazungumzo, ili kumaliza ubishi wa miaka mingi kama tiba hiyo inafaa kitu. Mwaka 1993 likaanzishwa shirika la kimataifa linaloitwa kwa jina la daktari Archie Cochrane, ambaye aliwalaumu wenzake kwa kutokuwa na hesabu iliyopangwa ya majaribio yao.

Hesabu yenyewe inafanana na kazi ya mzani wa chama cha msingi wakati wa kahawa. Mkulima aliyeleta gunia kumi na aliyeleta debe moja hawahesabiwi sawasawa. Kila mmoja huingia kwa uzito wake. Vivyo hivyo jaribio la watu 600 huvuta matokeo kuliko la watu 30. Na kama kahawa ya wakulima wawili inatofautiana mno, karani hachanganyi tu, hutafuta sababu.

Iko pia namna ya kulinganisha dawa ambazo hazijawahi kukutanishwa. Timu ya Muleba haijacheza na ya Karagwe, lakini zote mbili zimecheza na ya Bukoba. Kutokana na mabao hayo mtu anaweza kukadiria nani angemshinda mwenzake. Kadirio hilo lina nguvu kama viwanja vilikuwa vya namna moja, na lina udhaifu kama mechi moja ilichezwa kwenye tope. Kwa njia hiyo mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walilinganisha dawa 21 za sonona kutokana na majaribio 522 yenye watu 116,477. Dawa zote 21 zilishinda kidonge kitupu, ila kwa kiasi ambacho kwa wastani ni kidogo. Iliyoongoza kwa nguvu ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, ambayo hata hivyo huleta usingizi, ukavu wa kinywa na kufunga choo. Fluoksetini haikuwa ya kwanza kwa nguvu, lakini ilikuwa miongoni mwa chache ambazo watu waliziacha kidogo.

Kwa dawa za wazimu, Stefan Leucht na wenzake walilinganisha aina 15 mwaka 2013. Ya kwanza ilikuwa klozapini, ambayo hata hivyo hutaka damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe. Haloperidoli yetu ilikuwa ya 7, na klopromazini ya 12. Lakini zilizo nyingi zilikaribiana sana kwa nguvu ya kutibu. Zilipoachana ni katika madhara. Haloperidoli ilikuwa ya mwisho kwa kukakamaza mwili na kuutetemesha, na ilikuwa bora kuliko zote kwa kutonenepesha. Olanzapini ilikuwa kinyume chake. Kwa hiyo swali la “dawa ipi iliyo bora” hugeuka kuwa swali jingine: mgonjwa huyu, mwenye kazi hii na mwili huu, anaweza kuvumilia lipi? Mvuvi wa Kemondo anayetetemeka mikono hawezi kushika wavu. Mama mwenye kisukari hapaswi kuongezewa uzito. Hakuna orodha inayoweza kujibu hilo bila kumwuliza mwenyewe.

Sasa narudi kwa swali la yule mama. Leucht huyohuyo, mwaka 2012, alijumuisha majaribio 65 yenye wagonjwa 6,493 wa skizofrenia ambao walikuwa wamekwisha kutulia. Nusu ya swali lilikuwa hili: waendelee na dawa, au sasa basi? Katika mwaka mmoja, walioendelea na dawa waliougua tena walikuwa 27 kwa kila 100. Waliopewa kidonge kitupu walikuwa 64. Waliorudishwa hospitalini walikuwa 10 kwa 100 upande wa kwanza, na 26 upande wa pili. Kwa upande mwingine, matatizo ya mwendo wa mwili yaliwapata 16 kwa 100 kwa dawa, na 9 bila dawa. Msomaji aone pande zote mbili. Wapo walioendelea na dawa wakaugua, na wapo walioacha wasiugue. Kijana wa kwaya angeweza kuwa mmoja wa hao 36. Lakini mimi nilimshauri mama yake bila kujua kwamba ninamweka mwanawe upande wa 64.

Gunia lililopangwa juu

Mzani ni wa kweli kama kilicholetwa ni cha kweli. Mnunuzi mzoefu huingiza mkono ndani ya gunia, maana kahawa nzuri hupangwa juu. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake waliingiza mkono katika gunia la dawa za sonona. Walichukua majaribio 74 yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, wakatafuta yapi yamechapishwa. Yaliyotoa matokeo mema yalikuwa 38, na 37 kati yake yalichapishwa. Yenye matokeo mabaya au ya mashaka yalikuwa 36. Kati yake 22 hayakuchapishwa kamwe, 11 yalichapishwa kwa maneno yaliyoyafanya yaonekane mema, na 3 tu yalitolewa kama yalivyo. Aliyesoma majarida peke yake aliona majaribio 94 kwa 100 yakisifu dawa. Ukweli ulikuwa kama nusu. Mwaka 2006 watafiti wengine walionyesha kwamba dawa mpya za wazimu zilipokutanishwa kwa fedha za makampuni, katika tafiti 9 kwa kila 10 ilishinda dawa ya yule aliyelipa. Hata katika majaribio 522 ya Cipriani, 409 yaligharimiwa na makampuni, na mengi yalidumu kwa wiki zipatazo 8, ilhali sonona haiishi kwa wiki 8.

Kuna pengo jingine linalotuhusu zaidi. Wengi wa watu hao walikuwa wa Ulaya na Amerika, na wenye maradhi mengine ya mwili mara nyingi hawakupokelewa. Mgonjwa wetu mwenye sonona pamoja na virusi vya UKIMWI, malaria na njaa ya mwezi wa tatu, hayumo.

Ndiyo sababu jaribio lililofanywa ng'ambo ya Mutukula lina thamani kwetu. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, vijiji 30 viligawanywa kwa kura. Katika baadhi yake watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi. Walizungumza juu ya msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Hapakuwa na dawa. Kabla ya hapo watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe majina wanayoyatumia kwa huzuni ya namna hiyo, wakapima kwa majina hayo. Mwishoni, waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa 6.5 kwa kila 100. Katika vijiji vingine walikuwa 54.7. Lakini tuangalie upande huu wa pili: mwanzoni walikuwa 94. Karibu 40 kwa kila 100 walipata nafuu bila kikundi wala kidonge. Bila vijiji vile vya kulinganisha, vikundi vingesifiwa hata kwa hao 40.

Wanafunzi huniuliza: je, maombi nayo yamewekwa katika majaribio? Yamewekwa. Mwaka 2006 ilitolewa taarifa ya wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo huko Marekani. Kuombewa na watu wasiowajua hakukupunguza matatizo. Na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, 59 kwa 100 dhidi ya 52. Sioni kwamba hili linamtikisa Mkristo. Kundi “lisiloombewa” lilikuwa na mama zao, na hakuna kura iwezayo kumzuia mama asiombe. Maombi si kidonge, na Mungu si kampuni. Kilichopimwa pale ni utaratibu fulani wa wageni kusoma majina. Lakini haohao wanaokataa maombi yasipimwe hawawezi tena kusimama mimbarini na kuyatangaza kwa lugha ya vipimo, wakisema kwamba wangapi walipona. Nimelitenda kosa hilo, kwa hiyo nalisema.

Shingo iliyopinda

Jambo moja la mwisho kutoka katika majaribio linahitaji kujulikana na kila mzee wa kanisa. Mgonjwa mwenye ghasia aliyechomwa haloperidoli anaweza, baada ya saa chache au siku chache, kupinda shingo, kukaza taya na kugeuza macho juu. Nimeona watu wakikemea pepo kwa sauti kuu juu ya mtu wa namna hiyo. Huyo amepatwa na dawa, wala si pepo. Huko Rio de Janeiro, jaribio la wagonjwa 316 lililotolewa mwaka 2007 lililinganisha haloperidoli peke yake na haloperidoli ikichanganywa na promethazini, dawa ya zamani ambayo sisi tunaijua kwa mzio na kichefuchefu. Wote 10 waliopatwa na mkazo huo walikuwa katika kundi la haloperidoli peke yake, na jaribio lilisimamishwa mapema. Kwa hiyo mtu huyo arudishwe hospitalini siku ileile, na mlezi wake aseme ni sindano gani alichomwa na saa ngapi. Kuna dawa ya kuulegeza mkazo huo kwa muda mfupi. Na aambiwe pia kwamba dawa inaweza kubadilishwa au kupunguzwa na daktari, ili asikimbie tiba yote kwa sababu ya siku hiyo moja.

Kijana wa kwaya alirudishwa hospitalini baada ya miezi kadhaa ya kamba. Safari hii daktari alimwanzishia sindano ya mara moja kwa mwezi. Mkono wake wa kuume ulitetemeka, akalalamika kwamba hawezi kushika kitabu cha nyimbo. Kipimo kikapunguzwa, na mtetemo ukapungua ingawa haukuisha. Huimba besi, na mwenzake humshikia kitabu. Mama yake aliponiuliza tena kama aendelee, nilikwenda naye hadi kliniki, tukamwuliza daktari pamoja.